Mgeni wa Jumamosi

Mlango uligongwa mjane akiwa bado ameshika mwiko, naye akamsukumia msichana chumbani kama mtu anayeficha mali ya wizi.

"Ni mlezi?" msichana alinong'ona.

"Nani mwingine hugonga kwa adabu hivyo? Ingia, na usikohoe."

"Bibi, usimwambie nipo."

Kumbe na yeye hataki kuondoka, mjane aliwaza, na pamoja na hofu yote moyo wake ukafurahi.

Kwa miezi mingi alikuwa akimpiga chenga huyo mlezi wa kituo cha watoto. Kanisani alikaa karibu na mlango wa pembeni, na "Amina" ya mwisho ilipotamkwa, yeye alikuwa keshafika barabarani. Mara mbili mlezi alikuja kubisha hodi, na mara zote mbili mjane alijibanza nyuma ya pazia, mtu mzima na mvi zake, amebana pumzi. Alijua habari anayoletewa. Mchungaji alishatangaza kwamba kituo kinatafuta ndugu wa watoto, na mtoto ambaye kwao kutapatikana atarudishwa. Lilikuwa jambo jema, kanisa zima lilipiga makofi. Yeye peke yake mikono ilimwia mizito.

Kituo kilikuwa nyuma ya kanisa, kikilea watoto waliotolewa mitaani, nacho kilikuwa na utaratibu wake. Kila Jumamosi mtoto alikwenda kula nyumbani kwa muumini mmoja, mezani, pamoja na wenye nyumba, asije akasahau nyumbani kunakuwaje. Mjane alijiandikisha mwaka uleule aliomzika mumewe. Tusimpambe, hakuwa na wito wowote mkubwa. Mwanawe wa pekee alikuwa nchi za mbali, hupiga simu sikukuu, na nyumba ilikuwa imenyamaza mno. Jioni nyingine aliwasha redio ya lugha asiyoielewa, mradi mtu aongee.

Akaletewa huyu. Walimwita Chiriku kwa utani, maana alikuwa hasemi. Siku ya kwanza alikula ameegemea ukuta, macho mlangoni, na nusu ya mkate akauchomeka ndani ya mkono wa sweta. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mjane alijifanya hakuona, akakata mkate mwingine.

Siku hizi mkate ulibaki kwenye sahani. Chiriku alikuja ananukia sabuni, nywele zimesukwa zikasukika, na alicheka hata kabla utani haujaisha. Mjane alijipongeza kimoyomoyo, akaona kweli ulezi anauweza. Viatu tu ndivyo vilivyomshinda kuelewa. Kutoka kituoni ni kuvuka uwanja wa kanisa, lakini mtoto alifika navyo vimejaa vumbi mpaka kwenye kamba.

"Unazurura wapi wewe?"

"Nimezunguka, bibi."

Mjane hakumchimba zaidi. Anayeogopa jibu haulizi sana.

Kulikuwa na jambo moja alilolipenda kuliko yote. Chiriku hakugusa chakula mpaka mwenye nyumba ale kwanza. Angeshika kijiko chake akasubiri, na akimwona bibi anavichezea viazi tu, angemhamishia nyama yake mwenyewe.

"Kula wewe, ndiwe unayekua," mjane alimwambia siku moja.

"Mimi nimeshiba. Siku nyingine unapika nini?"

"Siku nyingine? Nani awashe jiko kwa ajili ya mdomo mmoja? Chai inanitosha. Naimalizia palepale jikoni, hata kukaa sikai."

Ilikuwa kichekesho, kwa maoni ya mjane. Chiriku hakucheka.

Hodi ikarudiwa. Safari hii pazia lisingemsaidia, maana harufu ya mchuzi ilikuwa imeshamsaliti mpaka barabarani. Akafungua nusu ya mlango, akasimama kwenye uwazi na mwili wake mdogo, akidhani ameuziba.

"Bwana asifiwe, mama," alisema mlezi.

"Amina. Najua kilichokuleta." Hakumpa nafasi hata ya kupumua. "Na sikatai, mtoto ni wa kwao. Kama mmewapata, Mungu awabariki. Lakini nakuomba, mwanangu, kama mama yako mzazi, mniachie Jumamosi. Siku nyingine zote wakae naye wao. Jumamosi tu. Mimi sina mwingine wa kukaa naye."

Machozi ambayo hata msibani aliyazuia mbele za watu yakamtoka pale mlangoni, naye hakuwa na leso, akayafuta kwa mkono wenye mwiko.

Mlezi alimtazama kama mtu aliyeingia nyumba siyo. Kisha akautua mkoba wake chini, akamshika mabega.

"Mama, naomba unisamehe. Nilikuja mara mbili kukuambia, sikukuta mtu. Chiriku tulimrudisha kwa mama yake tangu mwanzo wa mwaka, kule ng'ambo ya bonde." Akashusha pumzi. "Njia nzima alikuwa analia, anatuuliza sasa bibi atakula na nani."