Usukani wa Mashua

"Mama watoto, kweli hujauona usukani?"

Mume wangu alikuwa amepiga magoti chini ya meza ya kulia, gundi imemganda ndevuni, akitafuta kipande cha mwisho cha kimashua chake cha matanga, kile cha kuunga mwenyewe kinachouzwa vipande vipande kwenye boksi. Tangu astaafu, dude hilo limetunyang'anya meza. Tunakula tumepakata sahani!

"Nimekwambia sijauona!"

Ulikuwa mfukoni mwa gauni langu, mdogo kama ukucha.

Akainuka, akajipangusa magoti. "Basi, yaishe. Kimashua nakiacha. Kuanzia kesho nitashinda jikoni na wewe. Hata vitunguu nitakufundisha kukata."

Niliinama haraka chini ya kiti, mkono mfukoni.

"We mzee, macho unayo kweli? Si huu hapa!"