Orodha ya Vilivyovunjika

"Kabati ndilo lililoanza," fundi cherehani alisema. "Lilirushwa kutoka ukutani, vyombo vyote chini. Halafu meza. Halafu mimi."

Wakili aliandika bila kuinua kichwa. Ilikuwa siku ya sita tangu kimbunga kiupige mji, na darasa hili lililogeuzwa ofisi ya msaada lilikuwa limefurika watu mpaka madirishani. Nje kwenye foleni wanaume wawili walikuwa wameshikana mashati wakigombea nafasi. Mmoja alishachuruzika damu puani, na hakuna aliyejisumbua kuwaamua.

Wakili huyo walimwita Mama Kiapo, wala si kwa kumsifu. Alibakiza mwaka mmoja astaafu, na kwa siku sita alikuwa amelishwa uongo mpaka akavimbiwa. Mmoja alidai friji, nyumba yake haina umeme. Mwingine alimlilia mama mkwe aliyefukiwa na ukuta, kumbe mama mkwe yuko nyuma yake kwenye foleni hiyohiyo. Kwa hiyo kila mdai aliapishwa, kisha Mama Kiapo akaenda mwenyewe kukagua nyumba. Wawili waliokutwa na uongo walikuwa rumande tayari.

"Wewe ulirushwa wapi?"

"Ukutani. Mbavu mbili. Na hapa." Fundi alifunua mdomo. Meno mawili ya mbele hayakuwepo. Jicho lake la kushoto lilikuwa limevimba likaziba, rangi ya bilinganya.

"Mlango?"

"Uling'oka na bawaba zake."

"Dirisha?"

"Kiti kilipita hapo."

"Cherehani?"

Hapo ndipo fundi alipolia. "Imekatika mguu, kichwa kimepasuka. Ndiyo inayotulisha, mama."

Mama Kiapo alimwonea huruma, na akajikasirikia kwa huruma hiyo. Machozi alikuwa ameyaona mengi wiki ile, mengine ya kununua friji.

"Watoto unao?"

"Wawili. Hawakuguswa. Nilisimama kwenye mlango wa chumba chao nikazuia mpaka kukatulia."

"Ukazuia na nini?"

"Na mgongo."

Kalamu ilisimama kidogo, kisha ikaendelea.

"Mumeo alikuwepo?"

"Alikuwepo."

"Naye aliumia?"

"Mkono wa kulia tu."

"Afadhali. Wenzako wamezika."

Fundi aliangalia chini. Mama Kiapo alimweleza utaratibu haraka, kwa ile sauti ya mtu aliyeyasema hayohayo mara mia. Akikuta mambo ni kama yalivyoelezwa, mfuko wa maafa utampangia chumba upande wa pili wa mji kwa miezi sita na kumnunulia cherehani nyingine. Mkataba utaandikwa kwa jina la mdai.

"Jina langu peke yangu?"

"Kwani anayedai ni nani?"

"Mimi." Fundi alilisema neno hilo kama anajaribu kiatu. "Tutahama lini?"

"Wiki ijayo, Mungu akipenda."

"Wiki ijayo ni mbali, mama yangu. Juzi mambo yalirudi tena, na mdogo ndiye aliyekuwa karibu. Mara ya tatu tutakufa."

Mama Kiapo aliukumbuka upepo wa juzi, ulivyong'oa mahema mawili uwanjani. "Basi nakuja leo," alisema. "Ila sikia, mwanangu. Ukinidanganya, utalala ndani, na hao wanao sijui atawalea nani. Apa."

Fundi aliinua mkono, ukagoma kupita usawa wa bega. "Naapa kila nilichokitaja kimevunjika."

Saa tisa alasiri Mama Kiapo alishika njia, fomu kwapani. Njia nzima alikuwa akikanyaga mabati yaliyokunjamana, vioo na nyaya zilizokatika. Mbwa aliyekufa alining'inia kwenye uzio. Lakini alipovuka reli na kupinda kona ya mwisho, alisimama ghafla.

Mapaa ya mtaa huo yalikuwa yametulia juu ya kuta zake. Antena zilisimama wima. Kibanda cha kuku, cha maboksi na misumari minne, kilikuwa na kuku wake ndani. Upepo ulikuwa umepita ng'ambo ya reli na kwenda zake.

Damu ilimchemka. Zile mbavu, yale machozi, ule mgongo! Alifungua kalamu papo hapo barabarani ili aandike alichowaandikia wale wawili wa rumande, na akaingia uani kwa hatua za askari.

Mlango ulikuwa umelala sakafuni na bawaba zake. Kabati lilikuwa kifudifudi juu ya vyombo. Kiti kilikuwa nusu ndani, nusu nje ya dirisha. Cherehani ilikatika mguu, kichwa kimepasuka. Ukutani, usawa wa kichwa cha mtu mzima, palikuwa na doa la damu lililokauka, na nywele ndefu zimenasa humo. Chumba cha watoto kilikuwa kizima, kitanda kimetandikwa.

Katikati ya vifusi hivyo, kwenye kiti pekee kilichobaki, mwanamume alikuwa akila. Alikula kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa kwenye vifundo vya vidole.

Aliinuka polepole. "Mke wangu kakwambia nini?"

"Kwamba mmepigwa na kimbunga," wakili alisema. Akaandika kwenye fomu kwamba chanzo ni kimbunga na kwamba mama na watoto wahamishwe leo hii, na kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini ya kazi, Mama Kiapo akatia sahihi chini ya uongo.