Wino Mwekundu

Kila Ijumaa Mwalimu Mwanaidi, wa ushauri nasaha, hufungua sanduku la mbao lililotundikwa nje ya maktaba, ambamo wanafunzi hutumbukiza shida zao bila kuandika majina. Ijumaa hii alikuta karatasi moja tu, iliyoandikwa kwa herufi kubwa: NIMECHOKA KUAMKA. SINA WA KUMWAMBIA.

Wino ulikuwa mwekundu. Na katika shule ile, mwanafunzi akikutwa na kalamu nyekundu huchapwa, maana hiyo ni ya walimu peke yao.

Mwanaidi alimpelekea mkuu wa shule karatasi hiyo. Mkuu aliisoma mara mbili, akamrudishia.

"Sanduku ni la wanafunzi, Mwalimu. Sisi tunakufa na tai shingoni."

"Na akijidhuru, Mkuu?"

"Nani? Hana jina huyo. Kasahihishe madaftari."

Mwanaidi aliingia chumba cha walimu, karatasi imelowa jasho kiganjani. Wenzake kumi na mmoja walikuwa wameinamia madaftari, kila mmoja na kalamu nyekundu mkononi. Aliwatazama mmoja mmoja. Akavuta kiti, akafunua daftari la juu, naye akachukua kalamu yake nyekundu.