Rangi Haisemi Uongo

Mwalimu wa kozi ya usalama wa moto aliwamulikia mameneja wa majengo vali ya maji ya kuzimia moto. Rangi nyekundu ilikuwa imeshikanisha gurudumu na shingo yake, bila ufa hata mmoja.

“Rangi haisemi uongo. Vali ingekuwa inafunguliwa kila mwezi, rangi ingepasuka hapa.” Akaigeuza kadi iliyoning'inia: miezi kumi na miwili, sahihi kumi na mbili. “Kilichokaguliwa ni kadi.”

Wote wakacheka. Meneja wa jengo hilo, mwenye sahihi zile, akacheka nao.

Mwaka jana moshi wa moto ulimuua kaka yake, fundi wa jengo hilo, akiwa penye vali hiyohiyo. “Alichelewa kufungua maji,” meneja aliwaambia watu msibani. Marehemu hana mdomo.

Wenzake walipotoka, alibaki. Akatoa ufunguo wa nyumba, akaanza kuikwangua rangi polepole, pale palipotakiwa ufa. Vumbi jekundu likamjaa kuchani.

“Baba mdogo.”

Binti wa marehemu, mwanafunzi wa kozi hiyohiyo, alikuwa amesimama mlangoni.

“Siku ile baba alinipigia simu akiwa hapa hapa. Alisema limegoma. Sikujua ni nini, hadi leo nilipoliona gurudumu hili.”