Aliyeushawishi Mtaa

Mtu wa ishirini na tisa naye alitoa jibu lile lile.

"Fundi Viatu," alisema muuza mkaa, akainua mkono wenye bangili. "Huyo ndiye aliyenitia pingu hii."

Mtafiti akaandika. Swali la kumi na nne liliuliza: Nani alikushawishi kuvaa bangili? Bangili ilisoma mapigo ya moyo na kuyatuma kwa muuguzi wa mtaa, zahanati na hospitali kwa wakati mmoja. Mitaa sita ilipewa. Katika mitano, bangili zilikuwa bado kwenye maboksi. Katika huu, karibu kila mgonjwa alivaa yake, tena ndani ya wiki moja. Ofisi ilitaka sababu ipimwe, iandikwe kwa asilimia.

Mtafiti alikuwa na sababu yake mwenyewe ya kuuliza. Baba yake, mgonjwa wa moyo, aliishi ng'ambo ya barabara kuu. Asubuhi ile alikuwa amemwekea bangili mezani kwa mara ya nne.

"Sifungwi kamba kama mbuzi," baba alisema. "Ondoa hiyo ninywe chai yangu."

Sasa akamuuliza muuza mkaa, "Fundi alikwambia nini?"

"Hakusema kitu. Tulikwenda kwake asubuhi, tulipotoka huko tukaenda moja kwa moja zahanati. Hata mwalimu, anayebishana mpaka na kalenda, alipanga foleni kimya."

Mtu wa namna hiyo, mtafiti aliwaza, angemweza hata baba.

Njiani mkuu wake alipiga simu. "Mpate leo hii. Kila mtaa unahitaji mtu kama huyo."

Mke wa fundi alikuwa anafagia sebule.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

Kulikuwa na kiti kimoja cha mikono karibu na dirisha. Mtafiti akakaa, karatasi zake mapajani.

"Nimemfuata fundi, mama. Ofisi inataka awasaidie watu wa mitaa mingine. Ila mimi naomba aanze na baba yangu. Ni mkaidi, na moyo wake ni mbovu. Hasikii la daktari wala langu. Nahofia nitachelewa."

Mama aliegemeza ufagio ukutani.

"Anasemaje akikataa?"

"Eti hafungwi kamba kama mbuzi."

"Wangu alisema hataki kengele ya ng'ombe."

Mtafiti alicheka kidogo, akafungua kalamu. "Ulimfanyaje mpaka akakubali?"

"Hakukubali, mwanangu. Nilimkuta amekaa hapo ulipokaa, ameshapoa. Majirani walipotoka kumzika, ndipo wakaenda kujipanga zahanati."