Tawi la Baraka

"Mti mzima umeufyeka? Mzima, we mzee?"

"Uko upande wangu wa uzio, Stasė. Leo Jumapili ya Matawi, kanisa zima linataka matawi."

"Na nyuki wangu wale nini? Theluji?"

Asali ya akiba ilikuwa imekwisha mizingani. Nyuki walingoja maua ya manyoya ya mti ule tu, maana mengine hayajachanua popote.

Jirani akacheka, akamnyooshea fungu la matawi yenye maua. "Haya, nichape la baraka kama kila mwaka, maradhi yanitoke, tuyamalize."

Stasė akalipokea, akamchapa nalo usoni. Akamchapa tena. Chavua ya njano ikatimka, mdomo ukapasuka, damu ikadondoka thelujini, naye bado anachapa, shingoni, masikioni, hadi mzee akapiga magoti.

Nyuki mmoja akatua kwenye ua lililolowa damu, akaanza kujipakaza chavua miguuni. Mkono wa Stasė ukaganda hewani.

Dirisha la jikoni likafunguka. Mke wa jirani alikuwa hoi kwa kicheko.

"Mkolezee baraka, shoga! Mwaka mzima ananililia mgongo. Halafu ingia ule, supu inapoa."