Nyumba za Miraba

Ng'ombe wa kwanza wa Wenceslaus alifanana na meza.

Alikuwa amemchora kwenye daftari la hesabu, lile lenye miraba, akiujaza kila mraba rangi moja bila kuvuka mstari. Mwalimu Elieza, aliyefundisha kisomo cha watu wazima, alilikuta daftari hilo dawatini. Hakumgombeza.

"Umetaka makubwa mara moja," alisema. "Anza na miraba kumi kwa kumi, rangi mbili basi. Ukimaliza bandika ukutani, urudi nyuma hatua tano. Ndipo utakapojua umechora nini."

Ilikuwa 1974, katika kijiji kipya ng'ambo ya Kwihara, mwezi wa tatu tangu watu wahamishiwe pale. Wenceslaus aliishi peke yake. Alipewa ekari yake kama wengine, akaenda zamu kwenye shamba la kijiji kama wengine. Chakula alikula, ladha hakuisikia. Jioni alichonga penseli zake nne za rangi kwa wembe, akakaa mlangoni na daftari.

Alianza na jani. Kisha chungu. Alijifunza kwamba mraba mmoja mweusi ukikaa pasipo pake unaharibu picha nzima, na kwamba ukitaka kivuli cha ukuta mwekundu, unapanga kahawia kandokando. Mkono ulipozoea akachora nyumba, na tangu hapo hakuchora kitu kingine.

"Anakumbuka kwao," majirani walisema. Hawakumuuliza zaidi. Nani pale hakuwa na nyumba aliyoiacha?

Jumapili moja, baada ya ibada, jirani yake Bertila alimletea michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye ungo. Alikuwa mjane wa makamo, mwenye sauti ya chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea cha kutafuna."

Aliingia kuweka ungo, akaziona picha ukutani. Zilikuwa kumi na moja. Akazipitia moja moja, polepole, hadi akasimama mbele ya nyumba yenye mlango uliozibwa kwa bati la debe, na mpapai ulioinamia ukuta.

"Hii ni ya kwangu," alisema.

Akaugusa ule mpapai kwa kidole.

"Marehemu ndiye aliyeupanda. Nikiwa juu ya lori niliona moshi tu. Nikajua basi, sitaiona tena."

"Ichukue, mama."

Wenceslaus aliibandua, akampa. Bertila aliikumbatia kifuani, machozi yakamtoka bila sauti. Wenceslaus alimtazama kama anavyotazama mvua ikinyesha shamba la mtu mwingine. Alingoja kitu kimwingie moyoni. Hakikuingia.

"Mungu akubariki," Bertila alisema, akijifuta kwa ncha ya khanga. "Tangu tuletwe hapa, ni wewe tu uliyenirudishia kitu." Akaitazama tena ile karatasi. "Lakini wewe si wa kwetu. Uliiona lini, hata ukaishika akilini hivi?"

"Siku mliyohamishwa."

Bertila alitikisa kichwa. "Siku ile hakubaki mtu, mwanangu. Lori lilitubeba sote."

"Nilibaki mimi, mama," alisema Wenceslaus. "Mimi ndiye niliyekuwa na kiberiti."